Kaka aliyenusurika baharini: hali hii ina dawa

Ndugu yangu, umesema kaka yako alinusurika mashua ilipopinduka mwaka jana, na tangu hapo halali. Mlango ukibamizwa anaruka, pwani hapiti, akiulizwa anajibu "niacheni". Wazee wanasema ana sheitani, jirani kawaletea vidonge vya usingizi, na wewe unauliza kama hali hii ina dawa. Ina dawa. Nasema hivyo kwa sababu imenifika.

Nilikuwamo ndani ya MV Spice Islander, meli iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, tukitoka Unguja kurudi Pemba. Nilishikilia godoro mpaka kukapambazuka. Ya baharini tuyaache, yanayokuhusu wewe ni yaliyokuja baadaye. Gari la mizigo likipita Chake, pua ikinusa dizeli, palepale nimo majini. Sikuwa nakumbuka, nilikuwamo: mwili baridi, masikio yamejaa kelele za watu. Mke wangu alijifunza kuniamsha kwa kuniita jina akiwa mlangoni, maana akinigusa nilimpiga bila kujua. Nilisomewa, nikanywa kombe la maji ya aya za Qurani, hitima ya wenzetu ikasomwa. Siwezi kuyavunjia heshima hayo, yalinipa watu wa kukaa nami na nguvu ya kumuomba Mola. Ila ndoto hazikwisha, na kisomo hakikunizuia kwenda hospitali.

Huu ni ugonjwa wa kiwewe. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza kwenye orodha yao ya maradhi mwaka 1980, baada ya kuona hali za askari waliorudi Vietnam, lakini unampata mvuvi, mama aliyepigwa, mtoto aliyefiwa, yeyote. Si kila aliyepatwa na janga huugua, wengi hutulia wenyewe katika wiki za mwanzo. Hali ikipindukia mwezi na inamvurugia mtu maisha, ndipo huhesabiwa kuwa ugonjwa. Kaka yako ana mwaka. Msingoje tena.

Alonisaidia alikuwa mshauri aliyefunzwa njia ya kusimulia maisha, iliyotengenezwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Wanavyoeleza wao, akili huweka tukio kwa namna mbili. Kuna kumbukumbu ya moto: harufu, sauti, mapigo ya moyo, hofu. Na kuna ya baridi: ilikuwa wapi, lini, kipi kilitangulia, kipi kikafuata. Kwa mgonjwa wa kiwewe ile ya moto imebaki peke yake, haina tarehe wala mahali, ndiyo maana ikiwaka huiona hatari iko hapo hapo ulipo. Na kila unapokikwepa kinachokukumbusha, unaizuia kushikana na ile ya baridi.

Kikao cha kwanza alitandika kamba ya usumba sakafuni, akasema haya ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Nikaweka ua la asumini pale nilipoanza skuli, jengine siku ya harusi, mawe pale nilipofiwa, na jiwe kubwa pa ile meli. Vikao vilivyofuata tukatembea juu ya kamba ile kwa mpangilio. Tulipofika kwenye jiwe kubwa hakuniruhusu kuruka. Unaona nini? Mkono umeshika nini? Hapo moyo unafanyaje, na sasa hivi unafanyaje? Nikamwambia habari ya kijana aliyeponyoka mkononi mwangu, kitu ambacho hata mke wangu hakuwa akikijua. Kwa miaka nilijihukumu kwamba nilimwachia. Katika kusimulia polepole ndipo nilipokumbuka kwamba mikono yetu ilikuwa imejaa mafuta, na kwamba nilimkamata mara ya pili. Mshauri aliandika yote, kikao kijacho akanisomea, tukasahihisha, tukaendelea. Nililia sana. Baada ya vikao kadhaa dizeli ikawa harufu mbaya tu.

Wala usidhani lazima mumtafute profesa. Mwaka 2004 Neuner na wenzake walichapisha utafiti juu ya wakimbizi wa Sudan kambini Uganda: mwaka mmoja baada ya tiba, waliosimulia kwa njia hii ni asilimia 29 tu waliobaki na ugonjwa, ilhali katika makundi mawili mengine, la ushauri wa kawaida na la elimu ya ugonjwa peke yake, walibaki karibu asilimia 80. Baadaye, kambi ya Nakivale, huko huko Uganda, washauri walikuwa wakimbizi wenyewe waliofunzwa, na wagonjwa walipata nafuu. Moshi, na Bungoma ya Kenya, watoto yatima walitibiwa kwa njia nyingine ya mazungumzo, na watu wa kawaida wa hapo hapo waliofunzwa na kusimamiwa. Neno zito ni hilo: kufunzwa na kusimamiwa. Kumbana mtu kijiweni asimulie kila kitu siku moja na kumwacha na moto wake si tiba. Hata kile kikao kimoja cha kuwasimulisha watu mara tu baada ya ajali kilipimwa, kikaonekana hakizuii ugonjwa.

Vile vidonge vya jirani viacheni. Kama ni diazepamu na jamaa zake, haviondoi kiwewe na mtu huvizoea. Ila kama kashavitumia muda mrefu asivikate ghafla, amuone daktari avipunguze. Zipo dawa zinazosaidia, setralini mojawapo, nazo ni za kuandikiwa.

Pemba anzeni hospitali ya Chake au Wete, muulizie wahudumu wa afya ya akili. Unguja kuna hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, na tafadhali msione haya: hakwendi waliorukwa na akili peke yao. Waambieni wazi kwamba ni kiwewe cha ajali ya bahari, maana ukisema "halali" tu utapewa kidonge urudi nyumbani.

Umeuliza pia kama shemeji yako akae naye ndani. Kikaoni asikae. Mimi yale ya yule kijana nisingeyasema mbele ya mke wangu. Amsindikize, amsubiri nje, na usiku ule asimuulize alisema nini.