Maua ya nyanda za nyasi kati ya ukame na mafuriko
Umeuliza kwa nini nyuki hupungua kwenye nyanda za nyasi hata pale maua yanapoonekana kuwa mengi. Udongo unapokauka kupita kiasi, mmea hufunga matundu madogo ya majani yake ili usipoteze maji, na kwa kuwa mbochi ni maji yenye sukari, ua huweza kuchanua likiwa dogo na karibu tupu, hivyo mdudu hulizuru bila faida. Maji yakituama, mizizi hukosa oksijeni na vitumba hupukutika. Jambo linalosahauliwa mno, kwa maoni yangu, ni viota: spishi nyingi za nyuki wa porini hutaga ardhini, ambako mafuriko yanaweza kuwaangamiza mabuu kabla hata ya msimu wa maua.