Roboti ya taka zote haipo, wadogo zangu

Msimu wa mashindano ya roboti za kuokota taka umefika tena, na mimi niko tena pembeni ya meza nasoma miradi ya timu mpya. Roboti ina taa za bluu machoni, ina jina, ina nembo, na timu nzima ina fulana. Nauliza: itaokota taka gani? "Taka zote." Zilizo wapi? "Popote." Msimu uliopita niliambiwa hayohayo, na nilipokuwa na umri wenu nilijibu hivyohivyo, tena kwa majivuno zaidi. Nawapenda, ndiyo maana leo nitawasema.

1. Nendeni mkazione taka kabla ya kuwasha printa ya 3D.

Kaeni ukingoni mwa hayo maji mnayotaka kuyasafisha, muandike kinachopita. Mtakuta mifuko iliyolowa tope, vipande vya povu, kamba zilizojisokota na majani, kandambili moja isiyo na mwenzake. Ile chupa tupu, safi, yenye kizibo, ambayo mkono wa roboti yenu unaishika kwa madaha mezani, huko ni mgeni adimu.

Kamera nayo inadanganyika vilevile. Wengi wenu mnaanzia na TrashNet, mkusanyo wa picha za taka wa kufunzia kompyuta: picha 2,527, makundi sita, vitu vimewekwa juu ya ubao mweupe. Waliozipiga hawakuficha hilo. Ni ninyi mnaofunza modeli, yaani programu ya kutambua taka, kwa picha hizo, mnapata asilimia za kuringia, kisha mnaipeleka kwenye maji ya rangi ya udongo, jua linawaka, na kila mmeto wa wimbi inauita kioo. Pigeni picha zenu, palepale, asubuhi na mchana, pamoja na kivuli na tope. Wanaotambua plastiki kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, nao wakumbuke plastiki nyeusi: kaboni inayoipa weusi hufyonza mwanga huo, kwa hiyo kihisi hakirudishiwi kitu. Mitambo mikubwa ya kuchambua taka inasumbuliwa na jambo hilohilo, sembuse bodi yenu, kompyuta ndogo ya roboti.

2. Umeme. Haraka, maana mmeshaambiwa mkasahau.

Mota zipewe betri yake, mbali na ya bodi, lakini nyaya za hasi zote zikutane. Sevo, zile mota ndogo za viungo, zikivuta kwa pamoja na bodi ikazima na kuwaka tena, acheni kutafuta kosa kwenye msimbo. L298N, kile kibao cha kuendeshea mota, inakula takriban volti 2 kabla mota haijaonja chochote. Seli ya lithiamu isishuke chini ya volti 3. HC-SR04, kihisi cha kupima umbali kwa sauti, haiogi: maji yataiua. Wi-Fi haipiti majini, kwa hiyo chombo kikishazama mnaongea peke yenu, vutieni waya.

3. Povu.

Hapa naomba mnivumilie. Juzi nimeona mchoro wa mashua ya kuokota taka, maboya yake ni povu jeupe la kufungashia televisheni, limekatwa kwa msumeno na kuachwa wazi. Nilisimama pale nikashindwa kusema.

Sisi tulitengeneza mashua hiyohiyo. Ilikuwa na mkanda wa mnyororo wa kupandisha taka, kapu nyuma, na maboya mawili ya povu kwa sababu ni jepesi na tulilipata bure. Mwenzetu mmoja, mkimya kuliko wote, alisema tulivike kitambaa na kulipaka resini, gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu. Mimi ndiye nilikuwa nahodha. Nikasema uzito utaongezeka na muda hatuna. Kwenye bwawa la kuogelea mashua ilikwenda kama bata, tukapiga makofi, tukahamia ziwani.

Ziwani kuna magugu. Sentensi hiyo fupi ningeijua mapema ningelala vizuri miaka mingi. Mkanda ukameza gugu, ukakwama, na mota ikaendelea kuvuta kwa nguvu zake zote kwa sababu sikuweka fyuzi ya kukata umeme ukizidi, wala kikomo cha mkondo wa umeme. Fremu ikapinda. Mnyororo ukaegemea boya la kushoto, ukaanza kulikuna. Sisi tuko ukingoni na rimoti, tunaona mstari mweupe nyuma ya mashua, na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani ni mapovu ya kasi. Nikasema, "Mnaona inavyochapa maji?"

Mzee aliyekuwa akitunza eneo lile akatusogelea. Aliangalia maji, akaangalia mashua, akauliza bila hasira, "Wanangu, hii mashine inaokota au inamwaga?"

Upepo ulikuwa umeshazisukuma chembe kwenye matete. Zile chembe ndogo mnazijua: zinaelea, hazishikiki, zinang'ang'ania kila kitu, na samaki na ndege huzimeza wakidhani ni chakula. Tuliingia majini na machujio na ndoo, suruali zimekunjwa hadi mapajani, mpaka giza likatufukuza. Hatukuzimaliza. Tulikuja kuondoa plastiki, tukaacha plastiki iliyosagwa tayari. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lakini kinachoniuma mpaka leo ni video. Tulikuwa na picha nzuri za kabla gugu halijaingia: mashua inateleza, chupa inapanda kwenye mkanda, muziki chini yake. Tukakata hapo. Majaji wakauliza kama tumeijaribu kwenye maji halisi, nikasema ndiyo, na sikudanganya hata neno moja. Tukapewa zawadi. Yule mwenzetu mkimya alishika cheti upande mmoja, mimi upande mwingine, na hakuniangalia. Msimu uliofuata alihamia timu nyingine, na timu nyingine ile ikapata mtu makini wa kweli.

Tumieni mabomba ya plastiki yaliyozibwa ncha zote mbili. Wekeni fyuzi.

4. Onyesheni kilichovunjika.

Boyan Slat, kijana wa Uholanzi, alianzisha The Ocean Cleanup, shirika la kuondoa plastiki baharini, mwaka 2013 akiwa na miaka 18, sawa na baadhi yenu. Mwaka 2018 mtambo wao wa kwanza mkubwa ulivutwa kutoka San Francisco hadi Pasifiki, dunia nzima ikitazama, nao ukashindwa kushika plastiki: kasi yake na kasi ya plastiki hazikutofautiana ipasavyo, kwa hiyo taka iliingia na kutoka. Mwishoni mwa mwaka kipande cha mita 18 kikakatika. Walitangaza wenyewe, wakaurudisha bandarini, na mwaka 2019 wakajaribu tena na nanga ya parachuti, yaani parachuti linalokokotwa majini ili kupunguza mwendo. Safari hii plastiki ikabaki ndani. Unaweza kubishana nao kama kuzoa bahari ndiyo njia bora, na wanasayansi wengi wamebishana nao, lakini unabishana na mtu aliyeweka vipande vilivyovunjika mezani. Wadogo zangu wa juzi walikuwa na kurasa nne za "mafanikio" na mstari mmoja wa "changamoto", nao ulisema changamoto ni fedha.

5. Kwani lazima itembee?

Hili halipendwi, najua. Kila timu inataka roboti inayokimbiza taka. Sasa tazameni Mr. Trash Wheel, mtambo wa kuzoa taka pale Baltimore, Marekani, iko kazini tangu 2014. Haimkimbizi mtu. Imekaa mto unapoingilia bandarini, vizuizi vinaelekeza taka kwake, mkondo wa maji unazungusha gurudumu, na paneli za jua zinasaidia mto ukiwa mvivu. Wameibandika macho makubwa ya kuchekesha, kwa hiyo hata hamu yenu ya macho inapata pa kwenda. Ukishaacha kutembea, umejiondolea nusu ya betri, mota mbili, GPS na hoja zote za magugu kwenye propela. Muda uliobaki mnaweza kufikiria swali ambalo halikuwamo kwenye mradi wowote niliosoma wiki hii: kapu likijaa, nani analimwaga, na anazipeleka wapi?

6. Kamba.

Chombo chochote kinachoingia majini kwa mara ya kwanza kifungwe kamba, na mwisho wa pili ushikwe na binadamu. Betri iliyozama ni taka yenye sumu, na mlioileta ni ninyi. Timu moja imenijibu kwamba kamba itaharibu mwonekano kwenye video. Sawa. Basi andikeni kwenye mradi jina la atakayeogelea kuifuata, na awe nahodha.