Askari kanzu wanataka rekodi za waifai za wateja wangu. Je, nikiwapa ni khiyana?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina biashara ya kusambaza intaneti kwenye ploti tatu hapa Pangani, wateja kama themanini, Waislamu na wasio Waislamu. Juzi walinijia askari kanzu wawili, bila karatasi yoyote, wakataka niwape majina na nambari za nyumba za kila mteja aliyefungua kurasa za maandamano mwezi uliopita. Nimewaomba muda hadi Jumatatu. Mzee mmoja msikitini ananiambia kumtii mwenye mamlaka ni wajibu, na asiye na la kuficha haogopi. Ndugu yangu anasema nifute kila kitu niwaambie sina. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu, ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu yetu, usiwape bila amri ya mahakama, usifute, na usiseme uongo. Mzee wako na ndugu yako wote wanakutakia heri, lakini ushauri wa kila mmoja wao una kasoro.

Tuanze na hilo la "asiye na la kuficha". Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Saad kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), naye Mtume ameshika kitana cha chuma akijikuna kichwa. Akamwambia: lau ningejua unanitazama, ningekuchoma nacho jichoni, hakika kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Tazama alichokuwa akifanya: anajikuna kichwa. Hapakuwa na dhambi, aibu wala siri ya vita. Juu ya hayo alikasirika kiasi hicho. Basi sitara ya mtu nyumbani kwake haikuwekwa kwa ajili ya waovu wajifiche. Ni haki ya kila mtu, na mwema kuliko sote aliidai.

Kuhusu utiifu, aya ya 59 ya Suratun Nisaa ni haki na hatuipunguzi. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Ali iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba utiifu ni katika mema tu. Na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Hujurat, aya ya 12: "wala msipelelezane." Katazo hili halikumvua mtawala. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Muawiya kwamba Mtume (s.a.w.) alimwambia: ukifuatilia aibu za watu utawaharibu, au utakaribia kuwaharibu. Muawiya huyu alikuja kuwa mtawala, na Abu Dardaa akasema kuwa hilo ni neno ambalo Mwenyezi Mungu alimnufaisha nalo.

Kisha jiulize, mwenye mamlaka hapa Kenya amesema nini? Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda mtu asipekuliwe, habari zake za faragha zisitakwe wala kufichuliwa pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 imemwekea polisi njia: kifungu cha 48 kinamtaka aombe hati ya mahakama ya kupekua na kuchukua data, na kifungu cha 50 kinahusu amri ya mahakama ya kumtaka mtu atoe data aliyo nayo. Idara ya Ujasusi nayo, kwa sheria yake ya 2012, huomba hati kwa Mahakama Kuu. Kwa hiyo anayesema "nileteeni amri ya mahakama" ndiye aliyemtii mwenye mamlaka. Afisa anayeruka utaratibu huo hakukuletea amri ya dola, amekuletea haja yake.

Watakutajia usalama wa taifa. Ni kweli Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 51, inatoa msamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, na vilevile pale ambapo sheria au amri ya mahakama inataka data itolewe. Lakini kulitamka neno hilo mlangoni pako hakukugeuzi wewe kuwa hakimu wa kulipima. Na kuandamana kwa amani, bila silaha, ni haki iliyoandikwa katika Ibara ya 37. Orodha ya watu waliosoma habari za maandamano ni orodha ya watu waliosoma, haijaonyesha jinai yoyote.

Je, Uislamu umefunga kabisa mlango wa upelelezi? La. Kabla ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwatuma Ali, Zubeir na Miqdad hadi Rawdhat Khakh wamfuate mwanamke aliyebeba barua ya Hatib bin Abi Baltaa kwa Makureshi, wakamlazimisha akaitoa kwenye nywele zake. Ni katika Bukhari. Lakini mtu alijulikana, mahali palijulikana, na jambo lenyewe lilikuwa siri ya jeshi kupelekwa kwa adui. Hawakutumwa kupekua kila msafara unaotoka Madina ili waone kitakachopatikana. Al-Mawardi, katika wanazuoni wetu wa Kishafii, amesema msimamizi wa maadili haruhusiwi kupeleleza yaliyofichika, isipokuwa akipewa habari na mtu mwaminifu kwamba fulani amejitenga na fulani ili amuue, yaani jambo ambalo likichelewa halirekebishiki. Hapo inajuzu kuwahi. Kwa hiyo wakikujia usiku kwamba mtoto ametekwa na simu yake iko hewani kwenye waifai ya ploti yako sasa hivi, hilo ni jambo jingine: wasaidie kwa kadiri ya kuokoa uhai wa mtoto yule, uandike ulichotoa na saa, na uwatake walete karatasi kesho yake. Ombi ulilopewa wewe haliko karibu na hapo.

Sasa tuje kwenye ruta yako, maana hapa ndipo suala lako linapokuwa zito kuliko unavyodhani. Wanataka "waliofungua kurasa za maandamano". Huwezi kuwapa hilo hata ukitaka. Tovuti karibu zote leo hutumia HTTPS, na kilichomo ndani kimefungwa. Ukiwasha rekodi za DNS (maombi ya vifaa ya kutafuta tovuti kwa majina yake) utaona kwamba kifaa fulani kiliuliza x.com au facebook.com saa fulani, basi. Ukurasa gani, aliandika nini, alisoma nini, huoni. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kutoka simu hadi simu. Hata hilo jina la tovuti si ushahidi kwamba mtu aliifungua, kwa sababu programu za simu huita tovuti zenyewe usiku mwenye simu amelala, na kurasa za habari huvuta vipande kutoka mitandao mingine. Maana yake orodha hiyo ukiitoa itakuwa na karibu ploti nzima, na kila jina utakuwa umelitolea ushahidi usioujua. Mwenyezi Mungu amesema: "Wala usifuate usiyo na ujuzi nayo" (17:36).

Na makosa hayaishii hapo:

Nyumba nyingi huwa zinatoka nje kwa anwani moja ya IP, yaani nambari moja inayoonekana kwenye intaneti. Mtu akija na anwani hiyo na tarehe tu, bila nambari ya poti (inayotenganisha muunganisho mmoja na mwingine) na saa kamili hadi sekunde, huwezi kujua ni nyumba ipi. Utakisia, na kukisia hapa kunampeleka mtu seli.

Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kushika saa. Stima ikikatika zikiwaka tena husoma mwaka 1970, au husimama saa ya zamani, mpaka zipate saa sahihi mtandaoni. Na kama ruta imewekwa kwa saa ya UTC (saa ya kimataifa), kila kitu kiko nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa tatu. Tukio la saa nne usiku litasomeka saa moja jioni, na aliyekuwa msikitini akiingojea Isha atahesabiwa alikuwa mtandaoni.

Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hubuni anwani ya MAC (nambari ya kutambulisha kifaa) ya uongo kwa kila waifai. Mteja akisahau mtandao na kujiunga tena, au akibadilisha simu, rekodi zako zinaweza kumhesabu kama watu wawili. Na neno la siri la nyumba moja linajulikana na mgeni, mpangaji mwenza na mtoto wa jirani.

Kwa hiyo hata siku utakapoletewa amri halali, toa kilichoandikwa kwenye amri, kama kilivyo, na uandike mipaka yake: saa ya ruta ilikuwa hivi, anwani hii ilitumiwa na nyumba kadhaa. Ndugu zake Yusuf walisema, "hatukushuhudia ila tuliyoyajua" (12:81). Usiongeze mteja ambaye hakutajwa, wala usimpe afisa neno la siri la ruta ajitafutie.

Jumatatu wakija, wapokee kwa adabu na uwe na shahidi mmoja mtu mzima. Omba kitambulisho cha kazi, uandike jina, nambari ya utumishi na kituo. Uliza kama kuna nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) ya kesi wanayochunguza. Kisha sema maneno haya, ambayo ni ya kweli na hayamtukani mtu: "Niko tayari kutii amri ya mahakama. Bila hiyo sheria hainiruhusu kutoa data ya mteja." Wakiwa na hati, isome: jina la mahakama, muhuri, tarehe, jina la mhusika au anwani, na kipindi. Piga nakala. Hati inayosema "wateja wote" mpelekee wakili kabla hujagusa chochote, kwani inaweza kupingwa mahakamani. Pia wanaweza kukuletea notisi ya kifungu cha 51 ya sheria ile ya 2018, inayokutaka uhifadhi data fulani isipotee. Hiyo itii. Kuhifadhi ni kuhifadhi tu.

Wakikuahidi pesa, hiyo ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Wakikutisha kwa leseni, hapo nakuuliza wewe: leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano unayo? Na umejiandikisha kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data? Kwa kanuni za 2021, biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa kujiandikisha, lakini watoa huduma za mawasiliano hawamo katika msamaha huo. Na kama unagawa laini uliyouziwa kwa matumizi ya nyumbani peke yake, umevunja mkataba, na "timizeni ahadi" (5:1) inakuhusu. Tengeneza hayo kwanza, kwa sababu ndipo watakapokushikia.

Wakikulazimisha kwa silaha au wakichukua ruta kwa nguvu, dhambi ya kutenzwa nguvu imeondolewa kwako kwa yale yaliyokushinda. Lakini usijitolee kuongeza hata jina moja. Na baada ya hapo una wajibu: kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakutaka umjulishe Kamishna ndani ya saa 72 data ikichukuliwa bila idhini na kuna hatari ya madhara, na uwaandikie wateja waliohusika. Malalamiko juu ya polisi yapeleke IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi.

Ndugu yako amekwambia ufute. Kabla hujaulizwa, kutokuweka rekodi kulikuwa halali, na ni bora. Baada ya kuulizwa, kufuta ni kuharibu kinachoweza kuwa ushahidi, na mahakama inaweza kukuona una hatia. Huenda pia rekodi hiyo hiyo ndiyo ya kumwokoa mteja aliyesingiziwa. "Wala msifiche ushahidi" (2:283). Na kusema "sina" ilhali unacho ni uongo usiouhitaji. Imam Nawawi ameeleza kwamba mtu akijificha kwako akimkimbia dhalimu anayetaka kumuua, inakulazimu kumficha hata kwa uongo. Hilo ni pale ukweli hauna njia. Wewe ukweli una njia, nao ni kusema: "sheria hainiruhusu."

Kwa siku za mbele punguza unachokusanya. Kwa ruta ya MikroTik, kwa kawaida rekodi za ndani hushika mistari 1,000 tu kisha ya zamani hufutika yenyewe. Usiwashe kurekodi DNS wala usiwe na kompyuta ya kulimbikiza rekodi kama huna sababu ya kiufundi. Unachohitaji ni nani amelipa, lini muda wake unaisha, na kasi yake. Andika kwenye karatasi ya kujiunga unaweka nini na kwa siku ngapi, kisha ushike siku hizo kwa kila mteja sawasawa. Mteja anayetumia VPN (programu inayoficha mawasiliano yake) asikuudhi, si haramu na wala si kosa kisheria. Niya yake ataulizwa yeye.

Na kuna wengine watakaokujia mara nyingi kuliko askari: mume anayetaka kujua mkewe yuko mtandaoni na nani, mwenye ploti anayemchunguza mpangaji. Hao jibu lao ni moja, hapana. Mzazi wa watoto wadogo akitaka tovuti chafu zifungwe, mfungie, kwa kuwa kufunga si kupeleleza. Wewe mwenyewe pia usifungue rekodi za wateja kwa udadisi wakati huna tatizo la laini unalolitafuta. Katika Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas, anayesikiliza mazungumzo ya watu nao hawataki, atamiminiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni siku ya Kiyama, na hakuna tofauti ya kusikiliza kwa sikio na kusikiliza kwa ruta.

Wallahu a'lam.