Albamu ya kwanza ya rap Uganda: anza na lugha, maiki baadaye

Swali la kwanza kwa anayeandaa albamu ya kwanza ni lugha. Chana (yaani imba rap) kwa lugha unayotumia kupatana bei sokoni. Katika miaka ya 1990 kundi la Bataka Squad walishikilia Kiganda wakati wengi waliona rap ni ya Kiingereza, na lugaflow, yaani rap ya Kiganda, ikapata mizizi hapo. Rapa MC Yallah naye, katika albamu yake Kubali ya mwaka 2019, anapita kwenye Kiganda, Kiluo, Kiswahili na Kiingereza, na zote zinamkaa mdomoni. Kama unaishi Arua, Bombo au Busia na unatumia Kiswahili kila siku, chana Kiswahili hicho hicho cha kwenu. Lafudhi ya kuazima kutoka Dar es Salaam au Nairobi hugundulika hata kabla ya kiitikio.

Ukishaamua, hesabu silabi. Biti (mdundo wa wimbo) ya mapigo 90 kwa dakika, ukigawa kila pigo mara nne, inakupa nafasi 16 katika kila baa, yaani kila fungu la mapigo manne, na baa 16 humalizika kwa sekunde kama 43. Neno "wanaonikumbusha" peke yake linakula nafasi saba. Ndiyo maana mtu akiiga mtiririko wa rapa wa Marekani anaishia kumeza maneno: maneno yetu ni marefu. Lenga silabi 10 hadi 13 kwa baa. Nafasi zinazobaki ni za pumzi, na usipoziacha kwenye daftari utazikosa jukwaani.

Halafu angalia mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sneya, ile ngoma yenye mlio mkali kwenye biti, hupiga kwenye pigo la pili na la nne. Ukifunga baa kwa "nyumbani", "mba" ndiyo ikae juu ya sneya, "ni" ifuate nyuma yake. Ukiigeuza, msikilizaji atahisi kitu kimepinda hata asipojua ni nini. Kiganda kina mtego mwingine: konsonanti inayoshikwa. "Okuta" ni kuachilia, "okutta" ni kuua. Ile t iliyoshikwa inadai nafasi yake kwenye baa kama silabi nyingine yoyote, kwa hiyo ukiibana ili mstari utoshe, umesema jambo jingine kabisa.

Vina navyo visikudanganye. Vitenzi vingi vya Kiswahili huishia na a, hivyo kina cha irabu ya mwisho peke yake hakina kazi yoyote ndani yake. Kianzie kwenye silabi yenye mkazo: "barabara" na "biashara" zinashikana, "barabara" na "chakula" hazishikani. Washairi wa vina na mizani walilijua hili zamani, na rapa atakayesoma tenzi za Waswahili hatapoteza muda wake.

Kwenye biti, kosa tunalolisikia mara nyingi ni kubandika ngoma ya kienyeji juu ya trap, mtindo wa rap wa Marekani, na kuuita huo mtindo wa Uganda. Bakisimba, ngoma ya Waganda, hutembea kwa mafungu ya tatu tatu, wakati hai-hati (matoazi) za trap zimegawanywa nne nne. Ukizilaza pamoja bila kurekebisha zinagombana, na biti nzima inasikika kama imelewa. Gawa kila pigo mara tatu kwenye programu ya muziki kwanza, rekodi ngoma za engalabi na embuutu, kisha jenga hai-hati juu yake. Amadinda, marimba ya Waganda, ina shida ya sauti: oktava yake, yaani ngazi moja nzima ya sauti, imegawanywa katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, kama senti 240 kila moja (senti hapa ni kipimo kidogo cha kimo cha sauti), na kinanda hakina hatua hiyo. Kwa hiyo usiipangie kodi za kinanda (noti zinazopigwa pamoja) chini. Iachie besi ya noti moja au mbili, uivute besi hiyo juu au chini kwa senti hadi ikubaliane na amadinda, na amadinda yenyewe usiiguse.

Andika nyimbo 18, uchague 10. Dakika 35 zinatosha. Maprodyuza wawili ni bora kuliko wanane, kwa sababu albamu ya kwanza ndiyo inayomwambia msikilizaji sauti yako ni ipi.

Studio ya chumbani inafaa kabisa ukitundika blanketi nzito nyuma yako na pembeni, maana maiki inasikia kile kilicho mgongoni mwako. Simama kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na kichujio cha pumzi katikati. Rekodi kwa biti 24 (kipimo cha ubora wa sauti ya kidijitali, si mdundo), kilele cha sauti kisipite desibeli -6. Ikipasuka wakati wa kurekodi hakuna fundi atakayeiponya. Rekodi mistari yote mara mbili, lakini ile ya pili itumie kwenye maneno ya mwisho wa baa tu, la sivyo matamshi yanazibana. Paa likiwa la mabati, mvua inasimamisha kazi. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) si anasa: umeme hukatika katikati ya mistari mizuri, kwa hiyo hifadhi kazi kila unapomaliza kipande, na nakala iwe kwenye diski ya pili.

Biti ya MP3 uliyotumiwa kwa WhatsApp haitoshi kumiksi albamu. Dai WAV, faili la sauti lisilobanwa, kila chombo na faili lake, na mkataba uliotiwa saini kabla wimbo haujatoka, unaosema biti ni yako peke yako au prodyuza anaweza kuiuza tena. Chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 kusajili si lazima ili kazi iwe yako, ila cheti cha URSB, ofisi ya usajili ya serikali, ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi. Jiunge pia na UPRS, chama cha haki za wanamuziki, ambacho hukusanya mirabaha ya nyimbo zinazopigwa hadharani.

Mwisho, mwombe fundi matoleo matatu ya kila wimbo siku ile ile ya kumiksi: kamili, la redio lisilo na matusi, na biti yenye kiitikio pekee kwa ajili ya jukwaa. Ukirudi baada ya miezi mitatu, huenda faili zimefutwa kupisha kazi ya mtu mwingine.