Mbunge akishaapishwa, mwananchi anabaki na nini?

Swali: Ndugu mwandishi, mbunge ndiye anayetunga sheria, mimi napanga foleni mara moja kila baada ya miaka kadhaa. Hapo mwananchi anatawala nini?

Jibu: Lalamiko lako ni la zamani. Mwaka 1762 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliandika kwamba Waingereza wanajiona huru, kumbe uhuru wao ni wakati wa kuchagua wabunge tu. Wakishachagua, wamerudi utumwani. Nadhani alitia chumvi. Kumwondoa mtawala kwa karatasi, bila damu kumwagika, si jambo dogo. Ila kama baina ya chaguzi huruhusiwi kuona hesabu za serikali, kuandamana wala kuishtaki mahakamani, basi ulichopewa ni haki ya kubadilisha mabwana.

Swali: Demokrasia ya kweli si ile ya Athens ya kale?

Jibu: Kwa waliohesabiwa kuwa raia, ndiyo. Walipanda kilima cha Pnyx, wakajadili, wakaamua kwa kunyoosha mikono. Baraza la watu 500 lililoandaa ajenda lilipatikana kwa bahati nasibu, na mwanafalsafa wao Aristotle aliona kuchagua viongozi kwa kura ni tabia ya utawala wa wachache (wagombea wasisikie hili). Lakini wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na sauti.

Swali: Kwa nini tusiamue kila jambo wenyewe, kama Uswisi?

Jibu: Hata Uswisi ina bunge, nalo ndilo linalopitisha sheria. Tofauti ni kwamba wananchi wakikusanya sahihi 50,000 ndani ya siku 100, sheria iliyopitishwa inaletwa kwao waikubali au waitupe. Mbunge wa hapo hutunga sheria huku akigeuka nyuma kutazama. Utaratibu huo naupenda sana. Hata hivyo, usidhani umma ukiamua moja kwa moja ndipo haki imetendeka: mwaka 1959 wanaume wa Uswisi waliulizwa kama wanawake nao wapige kura katika ngazi ya taifa, wakakataa. Walikuja kukubali 1971.

Swali: Mbunge afuate matakwa yetu au akili yake?

Jibu: Mwaka 1774 mbunge wa Uingereza, Edmund Burke, aliwaambia wapiga kura wake wa mji wa Bristol kwamba mbunge anayeitupa busara yake ili kufuata maoni yao anawasaliti. Nakubaliana naye kwa sharti moja: aeleze waziwazi kwa nini amekwenda kinyume nao, kisha awe tayari kulipa gharama. Burke alilipa. Mwaka 1780, alipoona Bristol haimtaki tena, alijitoa kwenye kinyang'anyiro.