Jibu: Kwa nini mashabiki wa Kentucky hamridhiki?

Ndugu yangu, umeuliza twalalamika nini ilhali timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, ina mataji 8 ya NCAA, mashindano ya vyuo. La mwisho ni la 2012! Anthony Davis, aliyekuja kuwa nyota wa kulipwa, alikuwa bado mwanafunzi. Kocha wetu wa wakati huo, John Calipari, alisajili vijana wa kupita chuoni mwaka mmoja kisha NBA, ligi ya kulipwa. Mtindo huo ulimpa taji mara moja tu.

Machi 2022 tukatolewa raundi ya kwanza na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey. Machi 2024 ikawa Oakland, chuo cha Michigan, 80 kwa 76. Huku Malindi mechi ile ilianza saa nane usiku, tena Ramadhani, tukaitazama huku tukingoja daku. Jack Gohlke wa Oakland alitufunga mitupo 10 ya pointi tatu. Kinachoniuma ni kwamba msimu mzima karibu mitupo yake yote ilikuwa ya mbali, kila mtu alijua, na bado aliachwa peke yake! Daku halikushuka kabisa.

Calipari alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Arkansas mwaka huohuo. Mimi nataka wachezaji wanaokaa miaka mitatu na wanaojua kukaba, hata wasipokuwa na majina makubwa.