Uzamivu wa uchumi: mambo ya kukagua kabla ya kukubali nafasi

Swali la kwanza kwa chuo chochote ni hili: kuna kozi, au ni tasnifu tupu? Jibu lake lina uzito kuliko jina la chuo.

Marekani miaka miwili ya mwanzo ni ya darasani, maikro (uchumi wa mtu na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima) na ekonometriki (takwimu za uchumi), halafu mtihani mkuu ambao hukata wengi. Jumla ni miaka mitano hadi sita, na wakati mwingine zaidi. Uingereza vyuo vingi hupokea mtu akiwa na andiko lake la utafiti amalize kwa miaka mitatu au minne, ingawa idara kama za LSE (chuo cha uchumi cha London) na Oxford huanza na kozi. Kwa Afrika kuna mpango wa pamoja wa AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika wenye makao Nairobi, ulioanza mwaka 2002: mwanafunzi husoma kozi za msingi kwenye chuo kama Dar es Salaam au Ibadan, kisha wote hukutana kwa kozi teule.

Wapo wanaochagua tasnifu tupu ili kukwepa hisabati. Hawa hukwama sura ya tatu. Data imeshakusanywa, fedha imeshatumika, ndipo msimamizi anauliza: umejuaje kwamba mkopo ndio uliongeza kipato cha mkulima, na si kwamba wakulima wenye kipato ndio waliopata mkopo? Asiyefundishwa mbinu za kulijibu hilo anaanza upya. Kama hisabati yako ni dhaifu, tafuta chuo chenye kozi, na kabla ya kuomba jifunze aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano na hisabati ya uthibitisho. Kamati za udahili za Marekani huzitafuta kwenye matokeo yako.

Kisha fungua ukurasa wa idara unaoonyesha wahitimu wameajiriwa wapi. Usitazame jina kubwa moja lililowekwa juu. Hesabu majina ya kila mwaka, ulinganishe na idadi inayodahiliwa. Idara inapokea watu 20 na ukurasa unaonyesha tisa? Uliza 11 wako wapi. Angalia pia kama wapo waliokwenda unakotaka wewe, iwe benki kuu, chuo kikuu au taasisi ya utafiti kama REPOA ya Tanzania.

Kuhusu msimamizi, mmoja hatoshi. Profesa huhama, hustaafu, huteuliwa serikalini. Idara iwe na angalau watatu wanaoandika kwenye eneo lako, na wawe wamechapisha miaka ya karibuni.

Barua ya ufadhili isomwe neno kwa neno. Posho “ya uhakika kwa miaka mitano” si sawa na posho “kutegemea upatikanaji wa fedha”. Je, ni ya miezi tisa au 12? Dola 27,000 za miezi tisa ni 3,000 kwa mwezi, lakini ukizigawa kwa mwaka mzima zinabaki 2,250, na kodi ya nyumba haisubiri likizo iishe. Uliza bima ya afya inalipwa na nani, na ada ndogondogo ni za nani. Viza ya mwanafunzi ya Marekani, F-1, inakuwekea kikomo cha saa 20 za kazi chuoni kwa wiki wakati wa masomo, na mwenza anayekufuata kwa F-2 haruhusiwi kuajiriwa. Mwenye familia apige hesabu hizo mapema, kwa sababu vyuo vingi vya Marekani husubiri jibu hadi Aprili 15 tu.

Anayetaka kurudi kufundisha nyumbani ahakikishe shahada hiyo itatambuliwa na tume inayosimamia vyuo vikuu, yaani TCU Tanzania au CUE Kenya, hasa kama chuo ni cha masomo ya mtandaoni.

Mwisho, waandikie wanafunzi wawili au watatu walio mwaka wa nne. Swali moja tu linatosha: sura mkiituma kwa msimamizi, inarudi baada ya wiki ngapi? Mbili hadi nne ni sawa. Wakikutajia miezi, amini.